Uliponituma Majengo Nikarudishe Maneno

Bi Rukia, mwalimu wangu,

Arubaini yako imepita, na bado kila nikikwama kwenye sentensi nageuza kichwa nikuulize. Hapa ofisini Mji wa Kale miswada imerundikana na kila mwandishi ana haraka kuliko mwenzake. Nimechoka, Bi. Macho yananiuma, na siku hizi nahariri kama mtu anayefagia.

Ndipo ninapomkumbuka Mzee Athumani wa Majengo, yule mpakuzi wa bandarini aliyeandika maisha yake uzeeni. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, mtoto wa mtaa wa Buxton hapa hapa Mombasa, Kiswahili changu cha darasani. Katika mswada wake, marehemu mkewe alimwita jioni, "Ndoo ule." Mimi niliijua ndoo ya maji tu, nikasahihisha, "Njoo ule." Nikayafuta na maneno mengine mengi ya Kimvita, Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa, nikajiona hodari.

Ulimwita aje asomewe kabla kitabu hakijapelekwa kuchapwa. Alisikiliza kwa utulivu mpaka mstari ule, akainua mkono.

"Mke wangu hakusema hivyo hata siku moja. Huyo mwanamke simjui."

Akakusanya karatasi zake aondoke nazo. Ukamfuata mpaka mlangoni. "Kosa ni langu, mzee wangu. Nipe wiki mbili." Akakubali kwa shingo upande. Alipokwenda zake nilingoja unikaripie. Uliuliza tu:

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Basi nenda ukamuulize. Ukibadilisha neno, uweze kumwambia mwenyewe kwa nini. Ukishindwa, liache."

Nikawa nakwenda Majengo kila asubuhi, namsomea kwa sauti mstari kwa mstari. "Hapo rudisha," alisema. Pengine alisema, "Hapo umenifaa, mwanangu," kama pale alipokuwa amesimulia ajali moja mara mbili bila kujua. Nilielewa kwa nini ulinisihi niusome mswada mara ya kwanza bila kalamu mkononi, na kwa nini ulipenda kusoma kwa sauti: sikio hushika kosa ambalo jicho limeshalizoea. Hayo ulikuwa umeniambia tangu siku ya kwanza. Sikuwa nimeyasikia.

Kitabu kilipotoka, alitaka nimsomee mstari ule wa mkewe tu. Nikausoma. Akafumba macho.

"Ndiye," akasema.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuandikie. Mwezi uliopita nililirudia kosa, tena si kwa ujinga, kwa uchovu. Nilifuta aya nzima ya dada mmoja mwandishi kwa kuona inachelewesha hadithi, nikamrudishia kazi bila neno. Hakugomba. Aliandika tu, "Sawa, nyinyi ndio mnaojua." Angenitukana ningepata nafuu.

Jana nilimpigia simu nikamtaka radhi. Akanieleza kwamba aya ile ndiyo iliyomfanya aanze kuandika. Nikamwomba anivumilie tuanze upya, ukurasa wa kwanza.

"Jumatatu," akasema hatimaye. "Lakini safari hii nitasoma mimi, wewe usikilize."

Nitakwenda, Bi, na uchovu wangu huu huu. Pumzika. Umefanya kazi ya kutosha.

Mimi,
mwanafunzi wako ambaye bado anajifunza