Maji ya Mollo

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mollo ulezi umeiva, na babu anakusalimu.

Unauliza kama ufute jibu la maabara lisilolingana na kitabu. Enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa sekondari Sumbawanga, tulichemsha maji. Kipimajoto kiligoma kwenye tisini na nne, lakini sote tukaandika mia, kama kitabu. Mwalimu akautazama mvuke ukipotelea dirishani, akauliza kama anayeota, "Nani ameiona hiyo mia?"

Nikamkumbuka mama, mzaliwa wa Mtowisa bondeni, aliyelalamika siku zote kwamba maharage ya huku juu hayaivi upesi. Tulidhani anapakumbuka kwao. Kumbe huku juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha.

Usifute, mama. Hicho kitabu hakijawahi kubandika maharage Mollo.

Bibi yako