Udongo wa Baba Ndani ya Kopo

Madogo

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Kifua chako kimetulia? Na Bibi, bado anakataa uji? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila nina jambo ambalo kwa simu lingenishinda. Ningelia tu.

Kazi ya kuotesha na kuuza miche kitaluni kwa Mama Deka nimeizoea. Wateja wananiita bubu, lakini mikono haikai bure.

Ule mche wa mlimau ulionipa niliupanda kwenye kopo, kwa udongo niliouchota shambani kwa Baba kabla mto haujalimeza shamba. Niliushindilia kwa ngumi kama tufanyavyo kwetu mafuriko yakipungua, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Maji yakasimama juu, hayashuki. Majani yakawa manjano. Mama, harufu yake ilikuwa ile ya nyumba yetu siku tuliporudi baada ya mafuriko tukamkosa Baba. Kila nikiinama kumwagilia, nilimsikia akikohoa nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka.

Wiki iliyopita Mama Deka alilipindua kopo. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza.

"Abaayo," akaniita dada kwa Kisomali chake, "unapanda mche au unachimba kisima?"

Wafanyakazi wenzangu wakacheka.

"Ni udongo mzuri," nikasema. "Kwetu kila kitu kinaota humo."

"Kwenu udongo huu una ardhi chini yake ya kunywa maji. Humu utayapeleka wapi? Utupe nje."

"Ni wa marehemu baba. Hatukumpata tukamzika."

Mama Deka akalishusha kopo. Kisha akasema taratibu, "Basi tia kiganja kimoja. Ukizidisha, mche utakufa."

Tukatoboa kopo chini, tukatandika kokoto, tukachanganya mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza. Ukiufumbata mchanganyiko unashikana, ukiugusa kwa kidole unavunjika. Simwagilii tena mpaka kidole kikute ukavu ndani. Sasa maji yanapita, na jani jipya limechomoza. Kikohozi sikisikii tena, na kimya hicho kinaniogopesha zaidi.

Nisalimie Bibi, kaka Buya, na shangazi muuza samaki wa Garsen.

Udongo uliobaki nimeufunga kwenye kanga. Mama Deka anasema niumwage mtoni, uteremke wenyewe hadi kwenu. Siwezi, Mama. Siwezi kuupa mto huo kitu kingine. Ukiniruhusu, nitakuja nao Idi, tuuzike makaburini ubavuni mwa Babu, nawe uwe na mahali pa kumwombea dua.

Nangoja neno lako.

Mwanao,
Maimuna