Viti vya Magurudumu Maabarani

3 Februari

Mwanangu Mwalimu Mkuu,

Namshukuru Mola aliyeniamsha nikiwa na pumzi, nami nakuombea wewe na walio nyumbani mwako afya timilifu. Mimi ni mzima, ila macho yanapungua.

Hayajapungua kiasi cha kutoona. Juzi uliponikaribisha katika maabara niliyoitunza miaka thelathini, nilidhani nimeingia kwa kinyozi. Viti vya magurudumu, vyenye mito na migongo! Vigoda vyangu havikuwa na mgongo kwa sababu: mwanafunzi akiwasha moto husimama, hukisukuma kigoda chini ya meza, na nyuma yake hubaki wazi. Asidi ikiruka, naye huruka. Sasa ataruka na mto? Mikoba imening'inizwa kwenye viti, mikanda inaburuzika njiani, nawe unatabasamu kama bwana harusi.

Mungu amekujalia shahada. Akili bado hujaiomba. Viondoe kabla kidato cha tatu hawajaanza asidi.

Baba yako mdogo

10 Februari

Shikamoo Baba Mdogo,

Sisi tu wazima, wajukuu wanakusalimu. Barua yako niliwasomea walimu, tukacheka mpaka machozi. Vigoda vile vilikuwa vinavunja watu viuno! Wageni wa wizara wamevisifu viti vipya, wakapiga na picha. Usihofu mzee wangu, watoto wa leo wajanja. Vigoda nimewapa wapishi, wamevifanya kuni.

Mwanao

14 Februari

Mwanangu,

Salamu ni haki yako, nakupa. Kiuno kikiuma, kigoda hukatwa miguu kiendane na meza. Ni kazi ya fundi ya nusu siku. Hukuuliza. Na mgeni apigaye picha hachemshi asidi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Baba yako mdogo

2 Aprili

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini u mzima. Huku si kwema. Alhamisi chupa ya asidi ilipinduka. Msichana wa kidato cha tatu alijisukuma nyuma, gurudumu likanasa mkanda wa mkoba wa jirani, akaanguka na kiti, asidi ikamfuata. Mkono na shingo. Kamati ya shule inakaa Ijumaa. Wewe wanakuheshimu. Waandikie tu kwamba viti uliviona, havina kasoro, mtoto alikuwa anacheza. La sivyo kazi sina. Nakuomba, baba.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu kwa kuwa nimeamriwa, si kwa kuwa moyo unataka.

Nilikwenda hospitali. Mtoto, bendeji hadi kidevuni, aliniamkia, kisha akaninong'oneza: "Babu, kile kiti kimevunjika? Mwalimu Mkuu atanifukuza?" Kuhusu mkono wake hakuuliza neno.

Nilikudharau kwa ujinga wako, na ujinga una dawa. Hili la kumsingizia mtoto aliyelala chali, sina jina lake. Nawe ulitaka liandikwe kwa mkono huu ufunguao Kitabu!

Kamati nimewaandikia jana yote niliyoyaona, na barua yako nimeiambatisha. Nimeandika pia kwamba niliiona hatari mapema, nikakwambia wewe peke yako na kuificha kwao, kwa kuwa u damu yangu. Hilo nalo ni kosa, nimeomba wanihukumu.

Ijumaa vaa nguo safi, uwahi. Nitakuwa nimekaa kando yako.

Baba yako mdogo