Mahudhurio ya Tatu B, Asubuhi ya Mvua

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichoonyesha. Shuleni naitwa Bi Chaki.
Umri: miaka 51.
Kazi: mwalimu wa darasa la Tatu B.
Makazi: nyumba za walimu, chumba cha mwisho.
Yameandikwa: Jumatano, saa 11:05 jioni.

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Mlinzi wa geti letu mmemweka ndani kwa kosa ambalo ni langu, na mtoto mnamtafuta asikokuwa. Naomba hilo liandikwe kwanza, mengine yafuate.

Darasa langu lina watoto sabini na mmoja. Zamani kuita majina kulinimalizia robo saa na koo juu yake. Mwaka huu tulipewa vishikwambi vyenye programu ya mahudhurio: kuna picha ya kila mtoto, ukiigusa anahesabiwa yupo, na mzazi anapata ujumbe kwamba mwanawe amefika. Ni chombo kizuri, sikilaumu. Mimi ndiye niliyekitia chumvi. Programu inaruhusu kuweka sauti, basi nikamrekodi kila mtoto akisema, "Nipo, mwalimu." Ukigusa picha, sauti inatoka kwenye spika na mwenye sauti anasimama. Watoto walicheka hadi machozi siku walipojisikia.

Mtoto anayetafutwa, wenzake humwita Punje kwa udogo wake. Anaishi na bibi yake. Darasani alikuwa hafungui mdomo hata umpe pipi. Kumrekodi tulikaa barazani siku mbili, na mara ya tisa ndipo akasema. Sauti yake ni nyembamba, mwishoni inapanda kidogo kama anauliza. Niliipenda mno. Ikawa kila asubuhi naicheza mara mbili, na hilo nalo liandikwe.

Leo saa 2:10 asubuhi kulikuwa na manyunyu, ukungu umesogea mpaka madirishani, watoto wamejikunyata kwenye masweta. Niligusa picha moja baada ya nyingine. Sauti zikatoka, nipo, nipo, nipo, na mimi nikafumba macho. Sikulala. Nilikuwa nawasikiliza wote, nikajiona nimekaa mahali pa mbali, palipotulia, ambapo hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyewahi kupungua. Sauti ya Punje niliicheza mara mbili. Sikutazama nani amesimama. Zilikuwa wiki kadhaa sitazami. Mazoea yana taabu. Nikatuma.

Tunafunga saa nane. Saa 9:15 alasiri bibi yake alifika, akasema mtoto hajarudi nyumbani. Mwalimu mkuu akafungua mahudhurio, akakuta Punje amehesabiwa yupo. Basi ikaonekana ametoka katikati ya masomo na mlinzi hakumwona. Mlinzi wetu anawajua watoto kwa viatu, maana wakati wa mvua wote hupita wamejifunika vichwa. Alisema, "Viatu vyake leo sijaviona vikiingia." Mwalimu mkuu akamjibu, "Mzee, mashine haina sababu ya kusema uongo." Saa 9:50 mlimchukua, mkaanza kutafuta upande wa sokoni, nyuma ya shule. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Bibi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, si ulinitumia ujumbe? Mimi nikaenda zangu kufua."

Nilirudi darasani peke yangu. Nikagusa ile picha. Sauti ikajibu kutoka mezani kwangu, na dawati lake, la pili kutoka dirishani, liko tupu. Nikahesabu madaftari ya imla ya leo, yakawa sabini. Nikahesabu tena, yakawa sabini. Nimeyaleta, hayo hapo mbele yako.

Kwa hiyo Punje hakufika shuleni leo. Bibi yake anasema alitoka nyumbani saa 1:15, mvua ikianza. Njia yake inapita kwenye karakana za maseremala, halafu inavuka reli. Mtafuteni huko, kuanzia mlangoni kwa bibi yake. Na mkifika, msiite tu mkasikiliza halafu mkaondoka. Yule ni mtoto wa mara ya tisa.

Naogopa. Nimefundisha miaka ishirini na saba na sijawahi kuogopa hivi. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo maana sikungoja kesho.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Nimesomewa, ni maneno yangu mwenyewe, natia sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya afisa aliyeandika: Saa 11:20 jioni nilihamishia msako njia ya karakana. Saa 12:05 mtoto alipatikana ndani ya stoo ya karakana ya tatu, nyuma ya lundo la maranda, alikoingia kujikinga na mvua. Fundi alifunga stoo asubuhi bila kuchungulia, akaenda kupachika milango kwa mteja. Mtoto aliitwa mara tatu kutoka nje, hakuitika. Askari walifunguliwa stoo na fundi aliyekuwa amerejea, wakaingia, wakamwona amelala. Ana homa, amepelekwa zahanati na anakunywa maji. Mlinzi ameachiwa.

Shahidi alikuwa bado kwenye benchi la mapokezi. Aliomba apigiwe simu zahanati amsikie mtoto sauti tu. Nilikataa. Nilimpeleka akamwone kwa macho.

(Sahihi ya afisa)