Paka ya Mudaka na Kandege ka Uwanja

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Muhumba tuko wazima, ni magoti yangu tu yanalalamika. Unaniuliza kama ufukuze paka yako kwa sababu inaua ndege. Ngoja kwanza.

Kwetu Mudaka, nikiwa mutoto, paka hatukuipatia chakula: watu walisema ikishiba haitakamata tena panya. Siku moja ikaletea mama yangu kale kandege ka uwanja wetu kenye kutikisa mukia, kale alitukataza hata kukatupia jiwe. Ikakaweka kwenye miguu yake. Mama akakamata fimbo. Akaona mbavu za paka, akaacha fimbo. Alizika kandege akilia, kisha akawekea paka sambaza, tusamaki tudogo twa chakula chetu.

"Sisi njo tulituma njaa iende kuwinda," akasema.

Yako, Furaha, leo ilikula nini?

Koko wako