Milioni Kumi na Sita za Rangi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeamua. Nanunua gari jipya. Jipya kweli — si lile lililokwisha kuzeekea Japani kwa mtu mwingine, ukanunua na harufu ya sigara zake. Miaka tisa pikapu yangu kuukuu imebeba simenti, bati na nondo kutoka Mwanza mpaka dukani Musoma, na imenilaza njiani mara ambazo sizihesabu tena. Basi. Nina miaka arobaini na minne, duka halina mkopo, nyumba ya Buhare imekwisha hadi rangi ya ukuta. Naweza.

Apolinary, muuzaji wa kule Mwanza, amenitumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ni pikapu nyeupe ya kawaida. Ya pili ni hiyohiyo, ila toleo maalumu: rangi ya kijivu isiyong'aa, kama majivu ya jana, rimu nyeusi, viti vya ngozi vyenye uzi mwekundu, skrini kubwa kama sinia. Anaiita Spesho. Zimetengenezwa mia mbili tu, na kila moja ina kibati chenye namba yake karibu na gia. Bei imezidi ile ya kawaida kwa milioni kumi na sita.

Picha ya Spesho nimeitazama mara ishirini. Ile nyeupe mara moja.

Jumatano, 4 Juni

Bunda, gereji kwa mdogo wangu Magesa. Nilimpelekea makaratasi ya magari yote mawili. Akayasoma amesimama, mikono ina grisi, akitembeza kidole bila kugusa. Injini moja, anasema. Gia moja. Springi zilezile, breki zilezile. Akanirudishia.

"Dada, unanunua rangi na stika."

Nikamkumbusha kwamba siku ya harusi yake alikodi suti ya laki mbili kwa siku moja, na injini iliyokuwa ndani ilikuwa ileile. Mafundi wake walicheka mpaka akawafukuza.

Halafu akasema lile nililojua atalisema. Kwamba hiyo nyongeza peke yake inanunua ng'ombe kumi na nne, na chenji ya kuwasafirisha inabaki. Kumi na nne! Hakusema kumi na tatu wala kumi na tano. Nililipia soda nikaondoka.

Alhamisi, 5 Juni

Niandike, maana humu hakuna wa kunisoma.

Mwaka 2012 niliondoka kwa mume wangu Butiama na begi moja. Kwa nini — mkono wangu wa kushoto unajua, kila msimu wa baridi unanikumbusha. Wakwe wakataka mahari yao. Baba yangu, Mzee Machage, akafungua zizi kule Nyamuswa akawatoa kumi na nne, mmoja mmoja, akitaja rangi ya kila mmoja wakati anapita. Hakunilaumu hata kwa neno.

Ila tangu siku ile hajanibariki kitu. Kwetu baba akibariki chombo kipya, anajaza mdomo maziwa ya mgando yaliyochanganywa na unga wa ulezi, anakipulizia. Pikipiki ya Magesa ilipuliziwa siku hiyohiyo ilipofika. Mimi nilipofungua duka, baba alikuja, akakaa, akanywa soda, akasema ni zuri, akarudi Nyamuswa. Nyumba ya Buhare, vilevile. Soda, ni nzuri, kwaheri. Mwaka 2019 nilimpelekea mitamba wawili. Akasema binti halipi ng'ombe, na akamwagiza Magesa awarudishe.

Kwa hiyo ushauri wa ng'ombe Magesa akae nao. Baba hataki ng'ombe wangu. Mimi nataka nimpelekee kitu ambacho hawezi kukinywea soda.

Jumapili, 8 Juni

Tereza, jirani yangu anayeuza vitenge, ameuliza swali la maana kwa mara ya kwanza mwaka huu: rangi hiyo ikichubuka je?

Nikampigia Apolinary. Akanijibu kwa sauti ya kurekodi, dakika nne nzima. Rangi hiyo haizibwi kipande. Ukichubua mlango, unapakwa mlango wote, na si na fundi yeyote, ni wa Dar. Haipigwi polishi. Vijana wa kuosha magari wasiisogelee na Omo yao. Kinyesi cha ndege, limau, kitu chochote chenye uchachu, kifutwe ndani ya nusu saa kwa kitambaa chake cha bluu na sabuni yake. Ikipita nusu saa, alama hiyo ni ya kudumu. Kitambaa wanatoa bure — asante sana.

Tereza alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hilo si gari, ni kichanga. Nikamwuliza kwa nini kitenge chenye lebo ya dhahabu anakiuza mara mbili ya mwenzake wakati pamba ni moja. Akasema kwa sababu watu kama mimi tupo. Hapo tukaelewana.

Jumanne, 10 Juni

Apolinary anasema Spesho haishuki bei, nikitaka kuiuza kesho napata pesa yangu. Nimemwambia Magesa kwa simu. Akasema huku mnunuzi anainamaga kuangalia chini ya gari, hajawahi kumwona anayeangalia uzi wa kiti. Ni kweli. Mimi mwenyewe niliinama siku ninanunua hii kuukuu.

Basi tuseme ukweli. Kwa biashara, Spesho haifai. Haibebi hata mfuko mmoja wa simenti zaidi. Haili mafuta kidogo. Namba ya kwenye kibati haivuti gari kwenye tope. Mtu wa duka akiniuliza ushauri nitamwambia chukua nyeupe, hiyo nyongeza ezekea nyumba.

Naichukua Spesho. Maisha yangu yote nimenunua kinachofaa. Viatu vya kufaa, mume wa kufaa — huyo ndiye aliyechaguliwa kwa makini kuliko wote.

Ijumaa, 13 Juni

Nimelipa.

Jumatano, 18 Juni

Nimelileta. Namba 137 kati ya 200. Mwanza mpaka Musoma sikusikia hata bawaba ikilia. Karibu na Bunda askari wa barabarani alinisimamisha. Sikuwa na kosa. Alilizunguka, akauliza limetoka mwaka gani, akaniambia safari njema mama. Mama! Kwenye pikapu kuukuu nilikuwa "wewe".

Nimeliegesha nje ya duka na nimetoka kulitazama mara tano. Tereza amehesabu. Anasema sita.

Jumamosi, 21 Juni

Sabato. Baada ya ibada mchungaji ameliombea gari uwanjani, mkono wake juu ya boneti. Nilifumba macho vizuri, lakini moyoni nilikuwa nauliza kama amenawa.

Kesho Nyamuswa. Magesa atatangulia. Nimepiga pasi gauni la bluu. Siogopi. Atasema ni zuri, atakunywa soda, na mimi nitarudi zangu. Nimeshazoea.

Sijazoea.

Jumapili, 22 Juni. Nyamuswa, mchana

Naandikia ndani ya gari.

Nilifika saa tano na nusu. Lango la baba ni lilelile — nguzo mbili za miti na miiba imefungwa pande zote kwa ajili ya fisi. Pikapu ya zamani nilikuwa naipitisha hapo bila kupunguza mwendo, miiba inakwangua ubavu, sijali. Leo nilisimama. Nikapima kwa macho. Nikafikiria milango miwili na fundi wa Dar. Hapana. Nikazima injini nje ya lango, nikakaa humu ndani nikimsubiri Magesa atokee anishikie matawi. Robo saa hivi.

Baba akatokea zizini. Akaniona. Akasimama kidogo, halafu akageuka akaingia ndani. Nikasema haya, leo hata salamu sipewi.

Akatoka amevaa koti lake la Krismasi, kibuyu mkononi, Magesa nyuma yake. Nikashuka, nikampa shikamoo. Akaitikia. Akalizunguka gari lote polepole bila kuligusa. Hakuuliza bei. Aliuliza kama lile la kawaida, alilosimuliwa na Magesa, nalo lingefika hapa.

Nikasema lingefika.

Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akajaza mdomo. Pfuu! Kwenye boneti. Mlango wa kushoto. Wa kulia. Nyuma. Maziwa ya mgando na ulezi yakitiririka juu ya rangi yangu ya majivu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimzuie — akanigeukia akanipulizia na mimi, usoni, mpaka kwenye kope.

"Hii miaka yote nilikuwaga nangoja usimame nje," akasema. "Magesa alisimama pale na pikipiki yake mpaka nikatoka. Wewe unaingiaga tu, unanionyesha. Duka, unanionyesha. Nyumba, unanionyesha. Mtu akitaka baraka, hata ya duka, anasimama kwanza nje ya lango la baba yake. Leo umesimama."

Sikujua. Kweli kabisa sikujua. Mambo hayo walifundishwa wavulana zizini. Sisi wasichana tulikuwa jikoni, watu wa kuolewa na kuondoka, nani atufundishe pa kusimama? Mimi nilidhani ananinyima kwa sababu ya ng'ombe. Yeye alidhani nina kiburi. Miaka kumi na mitatu!

Nililia palepale, maziwa yakiwa usoni. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Na sikumwambia. Sikumwambia kwamba nilisimama kwa sababu ya rangi. Magesa amejua — alitazama miiba, akanitazama mimi, akainama kufunga kamba za viatu. Amevaa kandambili.

Kama ningechukua ile nyeupe, ningeingia nayo moja kwa moja mpaka mlangoni. Ningeonyesha. Tungekunywa soda.

Sasa ni saa sita na dakika ishirini. Alipuliza saa sita kamili. Jua ni kali, na kwenye boneti maziwa yameanza kukauka pembeni na kuacha mstari. Baraka haifutwi, hilo hata jikoni tulilijua. Inakauka yenyewe, inaondoka na mvua. Mvua mwezi wa sita!

Magesa amejaza ndoo ya maji, ameiweka nyuma ya gari ambako baba haoni. Ananiuliza kwa macho tu. Apolinary amepiga simu, nadhani anataka kujua kama nimeridhika na gari. Sijapokea. Kitambaa cha bluu kiko mapajani mwangu, bado kwenye nailoni yake.

Nasikia baba anamwambia Magesa kwamba anataka nimpeleke Butiama. Leo hii, sasa hivi. Tupite polepole kwenye nyumba zile walikokwenda ng'ombe wake, na gari likiwa hivihivi, kila mtu aone.

Zimebaki dakika tisa za ile nusu saa ya Apolinary. Baba anagonga kioo. Anauliza mlango huu unafunguliwaje.