Nani Atie Sahihi ya Dada Wembe?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu za upendo katika jina la Bwana. U hali gani, na wa nyumbani kwako hawajambo? Juma lililopita uliandika kwamba mgongo unakusumbua, nami nimekuombea, ila usikae kwenye kiti kisicho na mto. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauko mahali pake, naomba msaada wako, na nikikosea herufi unisamehe, shule niliiacha darasa la saba nikakaa kwenye cherehani mpaka leo.

Mimi ni fundi wa nguo, mama wa watoto watatu, na kanisani kwetu ndimi kiongozi wa akina mama, huu mwaka wa sita. Mume wangu ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, asiyejua kugomba. Sasa nikikuambia kwamba zamani niliwahi kuimba hip-hop utacheka, hata mimi ningecheka kama isingekuwa inaninyima usingizi. Enzi hizo tuliita kufokafoka. Mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na kikundi chake, wakirekodi kwenye chumba walichobandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, na siku moja walikosa sauti ya kike akaja kuninyanyua kwenye cherehani, "Dada, njoo uwafokee kidogo kama unavyonifokea mimi nikichelewa kurudi." Nikaenda. Rafiki yangu tuliyemwita Kengele, kwa kile kicheko chake, alinisindikiza, naye kazi yake ilikuwa kupiga makofi tu. Nikafoka ubeti mmoja wa kuwasema wamama wanaozunguka kukagua wasichana kama wanachagua nyanya:

*Mama mkagua wachumba, anza na wako nyumbani,*
*soksi hajui kufua, mke anamtakia nini?*

Kwenye jalada la kaseti mdogo wangu hakuandika jina langu, aliandika Dada Wembe, na hakuna aliyemjua Dada Wembe isipokuwa sisi wa chumba kile.

Mwaka uliofuata nikachumbiwa. Mama mkwe akaja kwetu kuniona, na wewe unajua shetani hakosi wakati, jirani akawa anaipiga kaseti ile ile, mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Huyu asiye na adabu ni nani? Nasikia ni mmoja wenu, wewe au yule rafiki yako." Mshauri, nilikuwa na miaka ishirini, nguo ya harusi nilishaikata kwa mikono yangu, nikasema si mimi, ni Kengele. Akatoa Biblia mkobani. Nikaweka mkono nikaapa. Kesho yake nikamwendea Kengele nikilia hata maneno hayatoki, akanisikiliza, akasema, "Basi acha, nitabeba mimi. Wewe una harusi, mimi nina nini cha kupoteza?" Tulidhani ni la majuma mawili, watu wangesahau. Wakamtoa kwaya. Kijana aliyekuwa akimtaka akaanza kupita njia nyingine. Imetimia miaka ishirini na tatu, hakuolewa, ni msusi, saluni yake inatazamana na chumba changu cha kushonea, na mtu akitaka kumchokoza anamwita Wembe. Mama mkwe nilimuuguza mwenyewe mpaka akafumba macho akinibariki, na mpaka siku hiyo hakuwahi kuitikia salamu ya Kengele.

Sasa mwezi uliopita akaja mtu aliyekuwa mtangazaji wa redio, watu wanamwita Bwana Kaseti, anatengeneza albamu ya mkusanyiko wa hip-hop ya zamani, hii ni ya tatu, anazunguka na begi akitafuta waliorekodi kabla tepu hazijaoza. Wimbo wa mdogo wangu anao. Mshauri, ile kaseti yetu ilitafunwa na redio siku nyingi, mimi sauti ya mdogo wangu nilikuwa naiota tu, na pale akaipiga kwenye simu yake, nikamsikia anacheka mwanzoni kabla hajaanza, kicheko chake mwenyewe, nikashika meza. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri suruali. Ubeti wangu ukaingia. Akasikiliza, akasema taratibu, "Huyu dada anafoka kama mtu mwenye pini mdomoni." Bwana Kaseti akaangua kicheko. Mimi nilikuwa na pini tatu mdomoni wakati ule ule, kama ninavyokaa siku zote, nusura nizimeze. Jioni mezani mume wangu akaniambia, "Huyo bwana akirudi, muulize kama tutapata nakala." Tangu hapo kila akinitazama naona kama ananipima.

Bwana Kaseti anataka kila aliye hai kwenye wimbo atie sahihi ya ridhaa. Ya mdogo wangu nitatia mimi kwa niaba ya familia, lakini ya Dada Wembe lazima atie mwenyewe Dada Wembe, la sivyo wimbo unatolewa kwenye orodha, na atarudi Jumamosi. Watu wakamwelekeza saluni kwa Kengele. Nikawahi kuvuka barabara, nikamwomba atie tu, yaishe. Alikuwa anamsuka mteja, hakunyanyua macho. Akasema, "Kusema nilisema. Kuandika siandiki." Nikamwambia ni karatasi moja tu, rafiki yangu. Akasema, "Mdomo ulikuwa wangu nikakuazima. Mkono huu wa kulia siuazimishi. Nipishe, unanizibia mwanga."

Nitakuambia na hili, maana nikilificha nitakuwa nimekudanganya na wewe. Nimejaribu kuiga sahihi ya Kengele kwenye karatasi ya kukatia mitindo, mara nne, na ya nne ikafanana.

Nikitia sahihi yangu, mume wangu atajua kwamba nilimwapia mama yake uongo juu ya Kitabu, na kanisa litajua, na cheo nilichopewa sijui nitakirudisha kwa uso gani. Nisipotia, sauti ya mdogo wangu inafutwa kwa mkono wangu mimi. Niseme au niuache wimbo ufe? Nakuomba unijibu mapema, Jumamosi haiko mbali.

Ni mimi fundi, dada yako katika imani.

*

Mama fundi,

Mgongo unaendelea vizuri, na mto nimeweka. Asante.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, maana kumsikia marehemu akicheka si jambo dogo. Mara ya pili nilitafuta mahali unaponiuliza utamfanyia nini Kengele. Mara ya tatu nilitaka kuhakikisha kwamba hapo mahali hapapo kweli. Umeuliza habari za mume, za kanisa, za cheo na za wimbo. Mwanamke aliyekubebea mzigo miaka ishirini na tatu umemtaja kama mtu anayekukatalia sahihi.

Nakusema, lakini sikudharau. Binti wa miaka ishirini aliyewekewa Biblia mbele na mama mkwe huogopa, na wengi wetu tungeapa. Kosa la siku ile lina udhuru kidogo. Kosa la asubuhi zote ulizofungua mlango ukaiona saluni ng'ambo, ukasikia mtu anaitwa Wembe, ukaendelea kukanyaga cherehani, hilo udhuru wake siuoni.

Ile karatasi yenye sahihi nne, ichome sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Ulimwapia uongo mama mkwe, sasa unataka kumwandikia uongo rafiki. Na kama umeweza kuiga mara ya nne, basi mkono wako umeshaanza kuzoea, uogope.

Kuhusu mume wako, moyo wake siujui, sitajifanya. Lakini mtu aliyelala nyumba moja nawe miaka yote hiyo, anayekuona na pini mdomoni kila siku ya Mungu, akasema aliyosema, halafu akaomba nakala, mimi simsikii akikupima. Namsikia anabisha hodi. Huenda kajua juzi, huenda kajua tangu zamani akakusubiri useme mwenyewe. Mfungulie. Mwambie kwa sentensi fupi: ubeti ule ni wangu, mama nilimdanganya, Kengele hakuimba hata neno. Usianze na kilio, maana ukianza na kilio atakubembeleza, na jambo litaishia kwenye kukubembeleza. Akikasirika, ana haki. Kaa hapo hapo umsikilize.

Lakini kwa mume usianze. Anza kuvuka barabara. Nenda saluni wakati hana mteja, usiende na zawadi, wala usiende na ile fomu. Mwambie unakwenda kusema ukweli kwa mumeo leo na kanisani Jumapili, na kwamba hukuja kuomba ruhusa, umekuja ili asiyasikie kwa watu. Kisha omba msamaha na unyamaze. Anaweza kukusamehe, anaweza kukwambia tena umpishe mwanga. Ukiambiwa upishe, pisha. Hana sharti la kukusamehe kwa kuwa tu wewe sasa uko tayari.

Jumamosi tia sahihi, jina lako kamili, lisomeke. Wimbo wa ndugu yako usiutupe kwa aibu yako; yeye hakudanganya mtu, alikuja kumwazima dada yake sauti tu. Na wala ubeti wenyewe sioni dhambi yake, hizo soksi wako wengi zinaowahusu.

Jumapili omba nafasi mbele ya akina mama, useme uliyoyafanya na nani alitolewa kwaya kwa ajili yako. Wakikuvua uongozi, vuliwa kwa utulivu. Mwenzako alivuliwa nafasi yake bila kosa, wewe utavuliwa ukiwa nalo, na kati yenu wawili aliyepata unafuu bado ni wewe.

Na Bwana Kaseti akitaka kujua Kengele alifanya nini kwenye wimbo ule, usimjibie. Umeshamsemea ya kutosha. Mwelekeze saluni, amuulize mwenyewe.